Mkono Uliopokea Bahasha

Ijumaa ile ya mwisho wa kampeni, katika mtaa wa Kangbue huko Tainan, sikio halikuwa na pa kupumzika. Magari ya wagombea yalipita moja nyuma ya jingine, ngoma na tarumbeta juu, bendera zikipigwa na upepo wa Novemba uliotoka kwenye mabwawa ya samaki. Kila yalipopita, watu walitoka milangoni wakawasha fataki kumlaki mtu wao, moshi ukatanda mpaka mtu hamwoni jirani yake. Mbwa walikuwa chini ya vitanda tangu asubuhi.

Siok-bi alikwenda sokoni saa nne, kikapu mkononi, mwendo wa haraka kuliko kawaida yake. Alikuwa mjane wa miaka sitini na minane, mtu wa hekaluni kwa Mama Mazu, mungu wa kike wa bahari, mtu wa kunyamaza na kutazama. Lakini uchaguzi ulimchemsha damu kama msichana anayengojea harusi ya dada yake. Kesho yake mtaa ulikuwa unachagua mwenyekiti. Namba moja alikuwa Teng Bun-hiong, aliyekalia kiti hicho miaka kumi na sita. Namba mbili alikuwa Liau Hui-tin, mama wa miaka arobaini na mmoja, ambaye kila mchana aliwapelekea chakula kwa pikipiki wazee wasio na mtu. Mpaka Jumatatu watu walisema safari hii Teng anang'oka. Jumanne ikatokea picha.

"Karibu, dada," alisema Po-tsu, muuza samaki aina ya mwatiko, kisu chake kikiparua magamba bila kusimama. "Njoo uone kazi yako. Ile picha uliyoturushia imemmaliza yule mwanamke."

"Siyo yangu. Nilitumiwa, nikatuma."

"Wewe ukituma ni kama imetoka kwa Mama Mazu mwenyewe. Picha za wengine nazifuta. Yako nimeionyesha mpaka kwa mkwe wangu aliye kaskazini."

"Ni kweli," alidakia mteja mmoja aliyekuwa akichagua vichwa vya supu. "Shangazi hajawahi kutuma upuuzi."

Na kweli hakuwahi. Kila alfajiri saa kumi na moja, kabla hajawasha ubani, Siok-bi alituma kwenye kundi la mtaa la simu picha ya ua la yungiyungi lenye maneno ya heri. Watu mia mbili na kumi walikuwa wakiamka na yungiyungi lake. Kwa miaka sita hakukosa siku, isipokuwa ile wiki aliyomzika mumewe, Iong-sing, na hata wiki hiyo watu waligonga mlango kuuliza kama naye yu hai.

Jumanne ile binamu yake wa mjini alikuwa amemtumia picha ya Hui-tin, uso wake wazi kabisa, akimkabidhi mtu bahasha nyekundu. Anayepokea haonekani, ila mkono tu. Chini yake maneno manene: Namba mbili anawanunua wazee wetu, sambaza kabla haijafutwa. Miwani ya Siok-bi ilikuwa juu ya meza ya madhabahu, na kuifuata ni hatua kumi. Hakuifuata. Aliona uso, akaona wekundu wa bahasha, akakasirika kwa niaba ya wazee. Akaibandika chini ya yungiyungi, akaandika "Asubuhi njema, tufumbue macho," akabonyeza.

"Hebu nikuonyeshe kitu," Po-tsu alisema. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaitoa simu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili. "Mimi macho yangu ni ya samaki, hayafumbi. Mtazame huyu anayepokea. Ona bangili. Jiwe la kijani, limepasuka, likafungwa kwa pete ya dhahabu pale kwenye ufa. Mtu ana dhahabu mkononi na bado anauza kura. Ningemjua ningemtemea mate."

Siok-bi alivaa miwani. Aliitazama bangili. Aliutazama mkono, na lile doa la jua karibu na kidole gumba, kisha pale picha ilipokatwa, ambapo pembe ndogo ya kitambaa cha katani cha rangi ya udongo ilijitokeza kwenye mkono wa nguo. Wote mia mbili na kumi walikuwa wameiona ile pembe. Walidhani ni uchafu.

Aliishusha mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole.

"Vipi, dada? Umemjua?"

"Nina haraka."

"Na samaki wako je? Nimeshamtoa matumbo!"

Lakini Siok-bi alikuwa ameshapita mbele ya kibanda cha tofu, na chini ya sweta ile bangili ilikuwa baridi kama barafu ya Po-tsu. Iong-sing ndiye aliyeipeleka kwa sonara ifungwe, mwaka ilipogonga sinki.

Aliikumbuka siku ile yote. Turubai la msiba mbele ya nyumba, harufu ya ubani na maua ya manjano, yeye ameketi na kiraka cha katani cha mfiwa kimebanwa kwenye mkono wa nguo. Watu walipita mmoja mmoja, wakainama, wakampa bahasha za rambirambi, bahasha nyeupe kama ipasavyo msibani. Hui-tin alikuja na sare yake ya kupelekea chakula, kwa sababu alikuwa katikati ya kazi, akainama mara tatu, akatoa bahasha kwa mikono miwili. Teng naye alikuja. Mwenyekiti hakosi msiba, na mpwa wake hakosi kumfuata na kamera. Basi picha ilitoka huko. Mtu alikuwa ameikata, akaondoa turubai na maua na uso wa mfiwa, akachukua bahasha nyeupe ya maiti akaipaka rangi nyekundu ya furaha. Na mfiwa mwenyewe akaisambaza.

Njia ya mwongo ni fupi, mama yake alikuwa akisema. Ndiyo, aliwaza Siok-bi, lakini kutoka hapa mpaka kesho ni fupi zaidi. Kampeni zilikuwa zinafungwa usiku huo. Jumamosi kutaja jina la mgombea ni kosa la sheria. Kama Hui-tin angeshindwa kwa mkono ule, angeshindwa kwa mkono wake yeye.

Kwanza alikwenda kwa Mama Mazu. Aliwasha vijiti vitatu vya ubani, akapiga magoti, akachukua vile vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga ambavyo watu humwulizia kwa kuvitupa chini. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine kikilalia mgongo, jibu ni ndiyo.

"Mama," alinong'ona, "nikiandika kwenye kundi kwamba nilikosea, itatosha?"

Vikaanguka vyote viwili kifudifudi. Hapana.

"Nikiandika vizuri sana?"

Hapana.

"Je, ninyamaze, niombe tu?"

Safari hii vyote vikalalia migongo, vikiyumbayumba kama vinacheka. Mlinzi wa hekalu, mzee aliyekuwa akifagia majivu, alichungulia.

"Mama leo anakucheka."

"Naona," alisema Siok-bi.

Hata hivyo aliandika. Binadamu hata akijibiwa huwa anajaribu. Akiwa amesimama kwenye ngazi za hekalu, miwani puani, aliandika kwamba ile picha si ya kura, ni ya msiba wake, na bahasha ilikuwa nyeupe. Majibu yakamiminika kama mvua ya mawe. Mmoja alituma katuni ya dubu anayepiga makofi bila kusoma. Mwingine akauliza, "Shangazi, wamekupa ngapi?" Mwingine: "Huyu siyo yeye, simu yake imeibwa. Shangazi haandiki mchana." Na muuza tambi wa kona akaandika neno ambalo Siok-bi alilisoma mara mbili: "Leo huyu mwizi, kesho siyo mwizi. Wote walewale. Mimi kesho nalala." Chini yake watu kumi na wanane waliweka alama ya kukubali.

Akaenda kwenye ofisi ya kampeni ya Hui-tin. Ofisi yenyewe ilikuwa banda la mabati, watu wakifunga bendera kwenye mianzi huku wanakula tambi za mchele zilizokaangwa. Hui-tin alikuwa amekaa juu ya kreti ya maji, skafu yenye namba mbili shingoni, akinywa chai ya moto kuirudisha sauti. Alipomwona alisimama haraka.

"Shangazi. Umekula?"

"Sijaja kula. Nimekuja kukuomba radhi, na unipandishe kwenye gari lako niwaambie watu." Akapandisha mkono wa sweta. "Ni mimi."

Hui-tin hakuitazama bangili. "Najua."

"Unajua nini?"

"Najua ni wewe. Tangu Jumanne." Sauti yake ilikuwa ikikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. "Siku ile ya msiba nilikushika huo mkono, shangazi. Ningeusahauje?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Niseme bahasha niliyompa yule mama ilikuwa ya mumewe aliyelala pale nyuma? Nimtoe mzee Iong-sing kaburini nimpandishe kwenye gari la kampeni?" Alitikisa kichwa. "Waliniambia wote humu ndani nikutaje. Nikawaambia afadhali nishindwe."

Wale waliokuwa wakifunga bendera waliinamia mianzi yao. Mmoja akasema taratibu, kama anayeongea na kamba, "Tulimwambia. Mbishi huyu."

Siok-bi alihisi machozi, akayarudisha yalikotoka. Hakukuwa na wakati. "Basi sasa nasema mwenyewe. Nipandishe."

"Siwezi, shangazi. Ukipanda gari langu, kabla hujashuka watakuwa wameandika kwamba nimekununua mara ya pili."

Hilo lilikuwa kweli, na Siok-bi aliliona ni kweli. Alikaa juu ya kreti. Mtu akamwekea sahani ya tambi mkononi, naye, kwa kukosa la kufanya, akala. Alipofika katikati ya sahani aliacha kutafuna.

"Gari la Teng linapita saa ngapi pale njia panda ya hekalu?"

"Saa kumi. Na letu pia saa kumi, tunakutana pale. Kwa nini?"

"Ngoma zenu," alisema Siok-bi, akisimama na kurudisha sahani, "mkiniona niko juu, zinyamazisheni."

Saa kumi pale njia panda hapakutosha mguu. Huku watu wa namba moja na kofia za njano, huku watu wa namba mbili na kofia za kijani, katikati polisi wawili waliochoka. Waliimbiana majina, wakapigiana ngoma, wakatupiana maneno. "Bahasha! Bahasha!" walipiga kelele watu wa njano. "Miaka kumi na sita, taa ya barabarani moja!" walijibu wa kijani. Watoto waliokota makaratasi ya fataki. Siok-bi alipita ubavuni mwa ukuta wa hekalu, akajitokeza mbele kabisa ya gari la Teng.

Teng alikuwa amesimama nyuma ya gari la wazi, skafu kifuani, kipaza sauti mkononi. Alikuwa mtu mnene mwenye kucheka kwa urahisi, rafiki wa marehemu aliyekuwa akivua naye samaki. Alimwona, na uso wake ukachanua.

"Shemeji!" sauti yake ilivuma juu ya paa. "Mnamwona huyu? Mke wa marehemu Iong-sing! Mtu wa Mama Mazu! Huyu ndiye aliyetufumbua macho mtaa mzima!"

Njano wote wakashangilia. Siok-bi akainua mkono mmoja, akaashiria kwamba anataka kusema.

"Shemeji anataka kusema! Leteni kigoda. Taratibu, mshikeni. Haya shemeji, neno moja tu, watu wakalale vizuri."

Wakampandisha. Hakuwahi kusimama juu ya gari maishani mwake. Kutoka pale aliona vichwa vyote, kofia zote, aliona Po-tsu na aproni yake karibu na kibanda cha miwa, na ng'ambo akaona gari la kijani na Hui-tin ameshika chuma kwa mikono miwili. Teng akamkabidhi kipaza sauti kwa heshima, mikono miwili.

Ngoma za kijani zikanyamaza. Za njano zikanyamaza pia, kwa kuwa zilitaka kumsikia.

"Mimi si msemaji," alisema Siok-bi, na sauti yake ikamrudia kubwa kutoka kuta za hekalu, nusura akiachie kipaza sauti. "Ile picha ya bahasha niliituma mimi. Bila miwani." Watu wakacheka kidogo. Akapandisha mkono wa sweta mpaka kwenye kiwiko, akainua mkono juu. "Na mkono unaopokea ni huu."

Kicheko kilikatika kama uzi.

"Itazameni bangili. Mnaijua. Siku hiyo nilikuwa namzika mume wangu. Bahasha ilikuwa nyeupe, mtu ameipaka rangi. Pembeni kuna kiraka changu cha katani, kikuzeni mkione. Wengi mlikuwepo. Mlipita mmoja mmoja mkanipa bahasha zenu, nami nilizipokea kwa mkono huuhuu. Kama Hui-tin alininunua, basi mtaa mzima mlininunua." Akamgeukia Teng. "Na wewe shemeji, ya kwako ilikuwa ya tatu."

Teng alikuwa bado na tabasamu usoni, lakini limesahaulika pale kama nguo kambani. Aligeuka akamtazama mpwa wake aliyekuwa kwenye usukani. Mpwa alikuwa anatazama viatu. Kama mwenyekiti alijua tangu mwanzo au alijua pale pale, Siok-bi hakuweza kusema, na hakutaka kusema asichokijua mara ya pili ndani ya wiki moja.

"Sitaji aliyeipaka rangi. Anajijua, na Mama Mazu yuko hapo nyuma yangu anamjua. Mimi nawaomba radhi. Ninyi, na Hui-tin, na..."

Mtu alichomoa waya. Kipaza sauti kikafa. Lakini njia panda nzima ilikuwa kimya kiasi cha kusikia mafuta ya soseji yakichemka kibandani, na Siok-bi akamalizia kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyokuwa akimwitia Iong-sing kutoka bwawani.

"Na mume wangu!"

Kisha kila kitu kikalipuka pamoja. Kijani wakapiga ngoma, njano wakapiga ngoma kubwa zaidi kuwafunika, mtu akawasha fataki chini ya gari, polisi wakapuliza filimbi. "Mwongo!" "Mwongo ni aliyekata picha!" "Mama wa watu kachanganyikiwa!" "Kuza picha! Kuza picha!" Simu zaidi ya mia zilikuwa juu, vidole vikikuza. Siok-bi alishushwa na mikono asiyoijua, akajikuta chini, miwani imepinda, anacheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu msiba.

Jumamosi alipiga kura saa mbili kamili, wa nne kwenye foleni. Kisha akakaa ng'ambo ya shule ya msingi, nje ya mstari uliochorwa, kwenye benchi la kinyozi, akitazama nani anaingia. Polisi alimjia.

"Shangazi, leo hakuna kampeni."

"Nimetaja jina la mtu?"

"Hujataja. Ila umepandisha mkono wa sweta."

"Nasikia joto."

Polisi alitazama wingu la kijivu, akatazama bangili, akaondoka zake.

Kufikia saa sita Siok-bi aliacha kuhesabu walioingia akaanza kuhesabu wasioonekana. Walikuwa wengi. Muuza tambi na mkewe, hawapo. Familia ya fundi baiskeli, watu watano, hawapo. Hapo ndipo alipoielewa ile picha vizuri. Yeye alidhani sumu yake ni kumfanya mtu ampe kura Teng badala ya Hui-tin. Kumbe wengine hawakumpa yeyote. Waliona tope limetapakaa njiani, wakaona heri wakae ndani na viatu vyao safi.

Akainuka, akaanza kugonga milango. "Umekula? Umepiga kura?" Hayo tu, maana hayo sheria haikatazi. Wengine walimtoa kwa adabu. Mke wa tambi alivaa viatu. Fundi baiskeli alisema anaumwa mgongo, huku akiinua baiskeli.

Saa tisa na nusu alifika kwa Po-tsu, aliyekuwa akimwagia maji meza yake ya samaki.

"Siendi," alisema Po-tsu kabla hajaulizwa. "Kwanza nilidanganywa na picha, halafu nikaaibishwa na picha. Nilisema nitakutemea mate, dada. Mbele ya wateja."

"Hukunitemea."

"Ningekujua ningekutemea."

"Ungenijua usingenitemea. Vaa viatu."

"Nivalie nani? Wote walewale."

"Walewale ni mimi na wewe, tuliopokea kitu bila kukitazama pembeni. Sikuambii umpe nani. Bado dakika ishirini na tano."

Po-tsu alitupa ndoo chini. Alikwenda vile vile, mabuti ya mpira na aproni, magamba yakimeta mpaka kwenye nyusi, Siok-bi akimsukuma mgongoni kama mkokoteni. Waliingia langoni zikiwa zimebaki dakika nne. Karani alipokea kitambulisho chake kwa ncha za vidole.

Saa kumi wakafunga, na saa kumi na robo wakaanza kuhesabu mlemle darasani, milango wazi, watu wamebanana hadi madirishani. Mwalimu kijana alichomoa karatasi moja, akaiinua juu kila mtu aione, akaita, "Namba moja, kura moja!" Mwenzake akachora mstari ubaoni, mistari mitano mitano. "Namba mbili, kura moja! Namba mbili, kura moja! Namba moja!" Walikwenda kama miguu ya mtu mmoja. Teng akitangulia kwa kumi, Hui-tin anamfikia. Hui-tin akitangulia kwa nne, dirisha zima la kijani linaruka, Teng anampita. Siok-bi alishika mkono wa Po-tsu unaonuka samaki, hakuuachia. Karatasi moja ilikuwa na mhuri katikati kabisa, nusu huku nusu kule. "Imeharibika!" Watu wakaguna. "Huyo alikuwa na njaa ya wote wawili," alisema Po-tsu, na hata mwalimu akacheka.

Karatasi zikawa chache. Mia nne na kumi na tano kwa mia nne na kumi na tano. Mtu aliomba maji, hakuna aliyesogea kumpisha. Namba moja. Namba mbili. Namba moja, namba moja, namba moja. Namba mbili. Namba moja. Zikaendelea hivyo mpaka mwalimu akageuza sanduku, likabaki mdomo wazi, halina kitu.

Mia nne thelathini na moja, kwa mia nne ishirini na tano.

Upande wa njano ulilipuka. Upande wa kijani mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Hui-tin alipita katikati ya watu, akamwinamia Teng na kumpa mkono. Teng aliupokea bila kumtazama usoni.

"Sita," alisema Siok-bi. Ubaoni jumla haikufika mia tisa, na miaka minne iliyopita zilikuwa zimepita elfu moja. Sita alizijua ziko wapi. Tano kati yake zilikuwa kwa fundi baiskeli.

"Mungu anajua ulikimbia," alisema Po-tsu.

"Nilikimbia Ijumaa. Ilitakiwa nitembee hatua kumi Jumanne."

Jumapili saa kumi na moja alfajiri alivaa miwani, akalitazama yungiyungi la siku hiyo pembe zote nne, akaandika: "Asubuhi njema. Miwani ninayo." Akabonyeza. Kwa muda mrefu hakuna aliyejibu. Kisha muuza tambi akaandika, "Asubuhi njema, shangazi. Nilikwenda." Kisha mwingine, na mwingine. Wengine hawakujibu, na wapo ambao hawajamjibu mpaka leo.

Asubuhi ya baada ya uchaguzi ni desturi wagombea wazunguke tena na magari kuwashukuru watu, aliyeshinda na aliyeshindwa. Gari la Teng lilipita kwanza. Lilipofika mlangoni kwa Siok-bi lilipunguza mwendo. Teng alishusha kipaza sauti, akainama, sana, zaidi ya inavyomlazimu mshindi. Siok-bi naye aliinama. Gari likaenda.

Kisha akalisikia la pili likikata kona. Aliingia ndani mbio, akatoka na mkufu wa fataki alioununua tangu Septemba, mrefu kama mtu, akautandaza mbele ya nyumba.

"Dada," aliita Po-tsu kutoka ng'ambo ya barabara, "huyo si kashindwa? Fataki ni za washindi."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Waambie mimi ni kipofu, sikuona ubao."

Alipandisha mikono ya sweta, yote miwili, bangili ikapata jua. Gari la kijani likasimama. Hui-tin alikuwa juu yake, skafu ileile, na alipofungua mdomo kushukuru haikutoka sauti hata kidogo. Ilikuwa imekwisha. Alibaki akiinama tu, anainama na kuinuka, machozi yanamtoka huku anacheka. Siok-bi akagusisha ubani unaowaka kwenye utambi, akarudi nyuma hatua tatu.

Mlio ulijaza barabara. Makaratasi mekundu yaliruka mpaka juu ya gari, yakamwangukia Hui-tin nywele zote. Milango ikaanza kufunguka, kwanza wa mke wa tambi. Fundi baiskeli alitoka na mgongo wake, akasimama kizingitini. Na katikati ya moshi Siok-bi akamwona Po-tsu anavuka barabara na mabuti yake, mikono ina magamba, ameshika mkufu mwingine wa fataki, anapiga kelele ambayo hakuna aliyeweza kuisikia, akiomba moto.